Nimerithi mbwa wa kuwinda ndege, nami sijawahi kuwinda

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, na huu ni mwaka wa 9 tangu nihamie Marekani na familia yangu. Tunaishi katika mji mdogo wa Iowa, mahindi pande zote, nami nafanya kazi zamu ya mchana kwenye kiwanda cha nyama. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kimarekani, mgane, mkulima aliyestaafu. Wakati wa baridi nilikuwa namzolea theluji mlangoni, na kiangazi yeye alituletea nyanya na mahindi mabichi. Mwezi Juni alianguka jikoni, na wanawe wakampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwendo wa dakika 40 kwa gari.

Mzee alikuwa na mbwa jike wa kuwinda ndege, anaitwa Hazel, pointa wa Kijerumani mwenye manyoya mafupi, kahawia iliyokolea na madoadoa meupe, umri wake miaka 5. Siku ya kuondoka alinishika mkono akaniomba nimchukue, maana wanawe wanaishi ghorofani mjini na wangempeleka kituo cha mbwa wasio na wenyewe. Sikuweza kumkatalia.

Mjomba, mimi sijawahi kufuga mbwa. Kwetu mbwa alikuwa wa kulinda, anakula makombo na kulala nje. Huyu simwelewi kabisa. Nikimfungua mahali pa wazi anaondoka kama mshale, na nikiita "njoo!" hageuzi hata sikio. Wiki iliyopita nilimtafuta saa nzima, nikamkuta pembeni mwa shamba la soya, ametulia tuli, ananusa upepo.

Ndani ya nyumba ni kitu kingine. Anaweza kuwa anapita tu sebuleni, ghafla anaganda, mguu mmoja wa mbele juu, mkia umenyooka, hasogei mpaka nimguse. Jumapili walikuja vijana wa rafiki yangu, wakasalimiana na wanangu mlangoni, "mambo", "poa", na Hazel aliyekuwa anavuka na soksi mdomoni akaganda palepale katikati ya miguu ya watu. Mke wangu anahofu ni kifafa. Tena akiokota mpira, mwanangu akimwambia "toa!", hatoi. Anasimama tu anamkodolea macho mtoto, mpira mdomoni. Tarehe 4 Julai fataki zilipoanza aliingia kwenye beseni la kuogea, akatetemeka humo mpaka saa saba usiku.

Katika vitu vya mzee kuna boksi lenye filimbi, kamba ndefu na kola ya umeme na rimoti yake. Mwenzangu wa kazini ambaye ni mwindaji anasema nimvishe kola hiyo, akikimbia nimpige shoti. Anasema pia nimpeleke kwenye uwanja wa kulenga shabaha azoee milio ya bunduki, kwa sababu msimu wa kuwinda fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, unafunguliwa mwishoni mwa Oktoba na anataka twende pamoja. Nami moyoni natamani kwenda.

Mwisho ni mama yangu. Alitufuata huku mwaka juzi, na anasema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Sasa anaswalia chumba cha watoto. Lakini jioni namwona mlango wa nyuma, anamtilia Hazel mabaki ya mchuzi na mifupa ya kuku, kwa huruma tu.

Je, mbwa mtu mzima anafundishika? Na mtu asiyejua lolote kama mimi aanzie wapi?

Baba Watatu, Iowa

*

Marahaba mwanangu Baba Watatu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikasimama kwenye ile soksi. Mtulize mkeo. Mbwa mwenye kifafa kwa kawaida huanguka, miguu ikapiga hewani, mate yakamtoka, na akiamka huwa amechanganyikiwa. Mbwa anayesimama imara na mguu mmoja juu, macho makavu, soksi haijamdondoka mdomoni, huyo anatii amri. Mwonyeshe daktari wa mifugo, ndiyo, maana mbwa yeyote aliyebadilisha nyumba anapaswa kupimwa, lakini mimi nadhani jibu liko kwenye ile salamu.

Wawindaji wa ndege wa Marekani, mbwa wao wakitaka asimame asisogeze hata ukucha, humwambia "whoa". Ni neno la kusimamishia farasi tangu zamani, nao hulivuta, wo-o-o. Ndilo neno kubwa kuliko yote katika maisha ya mbwa wa aina ya Hazel, ambaye kazi yake ni kuganda mbele ya ndege aliyejificha mpaka mwindaji afike. Huenda amelisikia maelfu ya mara, tangu akiwa mtoto wa miezi michache, na kila mara alisifiwa kwa kuganda. Sasa leo amehamia nyumba ambayo vijana wanasalimiana "mambo", "pooa". Mbwa hatafuti maana ya neno kama sisi, anashika mlio na mvuto wake. Ndiyo maana hata "toa" inamgandisha na mpira mdomoni. Mtoto anadhani Hazel ni mkaidi, kumbe anafanya kwa unyofu kile alichofundishwa.

Usiniamini kwa maneno tu, jaribu. Hazel akiwa anatembea ndani, mtoto mmoja akiwa chumba kingine aseme "safi". Baada ya muda aseme "salama". Kisha avute, "pooa". Rudieni siku mbili tatu kwa saa tofauti. Akiganda kwenye "poa" peke yake, mmepata jibu, na mmejua pia kwamba huyu mbwa ana mafunzo ya gharama ndani yake, ila mmekuwa mkimsemesha kwa lugha nyingine.

Hapo ndipo ushauri wangu wote umesimama. Usianze kumfundisha Hazel. Anza kutafuta anachojua. Mbwa wa miaka 5 anafundishika vizuri tu, mara nyingi kuliko mtoto wa mbwa, kwa kuwa anaweza kutulia na kusikiliza. Lakini ukianza kumwekea mafunzo mapya juu ya yale ya zamani bila kuyajua, utakuwa unajenga ukuta juu ya msingi usiouona.

Na bahati yako, mwanangu, ni kwamba mwalimu wake yu hai, dakika 40 tu kutoka kwako. Wengi wanaochukua mbwa watu wazima hawana hata jina la aliyemlea. Piga simu kwenye hiyo nyumba ya wazee, uliza utaratibu wao wa kuleta mbwa, maana nyingi huruhusu mradi awe amechanjwa na kufungwa kamba. Mpeleke Hazel kwa mzee. Usikae sana kwenye maswali mwanzoni, waache waonane. Kisha muombe amwamuru kama alivyozoea, nawe urekodi kwa simu, sauti na picha, na uangalie mikono yake kuliko mdomo. Wazee wengi wa kazi hii huinua kiganja bila kujijua wanaposema "whoa", na mbwa amesoma kiganja sawa na neno. Muulize filimbi: mlio mmoja ni wa nini, milio ya kukatakata ni ya nini. Muulize alikuwa akimwitaje arudi, maana wengi husema "here", na wewe unaita "njoo", ndiyo maana hageuzi sikio. Muulize kama Hazel ameshawahi kupigiwa bunduki juu ya ndege, misimu mingapi. Muulize kola ile ina kazi gani, kwa sababu nyingine zina kitufe cha mlio tu ambao mbwa amefundishwa kurudi akiusikia, bila shoti yoyote.

Ukishayajua maneno yake, una njia mbili. Ya kwanza ni familia nzima kujifunza maneno matano ya Kiingereza cha Hazel. Ya pili ni kumhamishia kwenye Kiswahili, na hii ndiyo ningeichagua kwenu, kwa sababu huwezi kuwakataza watoto kusema "poa" nyumbani kwao, na kila "poa" isiyo na maana inazidi kulichakaza lile neno la kusimama. Kuhamisha si kazi ngumu. Unatamka neno jipya kwanza, kisha papo hapo la zamani: "Simaaama… whoa." "Hapa… here." Neno jipya lazima litangulie, maana mbwa akishasikia la zamani anatenda na hasikilizi kinachofuata. Fanyeni mara tano asubuhi na mara tano jioni, kwa kipande kidogo cha nyama iliyochemshwa, mpaka muone anaganda kwenye "simama" kabla hujamalizia. Badala ya "toa" tumieni "achia". Na wote nyumbani mkubaliane, asiwepo mmoja anayesema "njoo" na mwingine "hapa".

Twende kwenye kukimbia. Acha kumfungua kabisa kwa sasa. Toa ile kamba ndefu kwenye boksi. Wawindaji hutumia ya mita 6 hadi 10, nene kiasi cha kidole, isiyoshika majani. Vaa glavu. Mbwa wa kilo 25 akiondoka mbio na kamba mkononi mwako itakuchuna kiganja kama umeshika pasi ya moto. Nenda naye mahali pa nyasi, muache atangulie huku kamba inaburuta, na utembee ukielekea upepo unakotoka, kwa sababu huko ndiko harufu inakotokea. Utamwona anaanza kukata kushoto na kulia mbele yako kama anayepanga mishono. Hiyo ni kazi yake, usimkatize ovyo. Ukitaka arudi, shika kamba kwanza, ita mara moja tu, na asipogeuka vuta taratibu huku ukirudi nyuma. Akifika, msifu, mpe kitu, kisha muachie aende tena. Kuachiwa tena ndiyo zawadi kubwa kwake. Watu wengi huita mbwa wakati wa kurudi nyumbani tu, naye akajua kwamba kuitwa ni mwisho wa raha.

Mambo mawili usiyafanye hata siku moja. Usimwite usipokuwa na njia ya kumleta, maana kila wito usiojibiwa unamfundisha kutojibu. Na akirudi, hata kama amekutesa saa nzima shambani, usimkaripie. Yeye atajua amekaripiwa kwa kurudi.

Sasa kola. Hapa niruhusu nikusimulie langu, maana bado linaniuma. Mbwa wangu wa kwanza wa ndege nilimchukua akiwa na miaka 4, seta mweupe mwenye madoa meusi. Nami niliambiwa maneno yaleyale uliyoambiwa wewe. Asubuhi moja alimfurusha jogoo wa fezanti, akamkimbiza bila kusimama, nami nikabonyeza. Alipiga kelele moja. Nilidhani nimemfundisha kutokimbiza. Wiki iliyofuata tulikuwa kwenye majani marefu, upepo mzuri, nikaona pua yake inainuka na kichwa kinageuka kwa kasi ile inayosema ndege yupo. Kisha mkia ukashuka. Akageuza shingo, akaenda kunusa kichaka kisicho na kitu upande wa pili, kama mtu anayempita mdai wake njiani. Nilipopiga hatua tatu ndege akaruka kutoka palepale aliponusa mwanzo. Alikuwa amejifunza kwamba harufu ya ndege ndiyo inayouma. Ilinichukua misimu miwili kumrudisha, na kusema kweli hakurudi wote.

Kwa hiyo weka ile rimoti kabatini. Siichukii kola yenyewe. Mikononi mwa anayejua, kwa mbwa aliyefundishwa maana yake hatua kwa hatua na kwa kiwango cha chini kabisa, ina kazi yake, na hata humwokoa mbwa anayekimbilia barabarani. Lakini wewe bado hujui kumsoma Hazel, na kitufe kile kinaweza kubomoa kwa sekunde moja alichojenga mzee kwa miaka mitano. Na hata utakapojua, mbele ya ndege mbwa haadhibiwi.

Kuhusu uwanja wa kulenga shabaha: usithubutu. Ni ushauri wa kale na umeharibu mbwa wazuri wengi. Pale milio inakuja bila mpangilio, bila ndege, bila sababu, na mbwa kafungwa kamba hana pa kukimbilia. Hofu ya fataki na hofu ya bunduki si lazima ziwe kitu kimoja. Wako mbwa wanaofanya kazi chini ya bunduki msimu mzima, na radi ikipiga wanajificha chini ya kitanda. Kama mzee atakwambia Hazel amewinda naye miaka minne, mlio wa bunduki kichwani mwake umeunganika na ndege kuanguka, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo anza kwa tahadhari. Awe mahali pa wazi, amemwona njiwa akiruka na akili yake yote iko kwa njiwa, na mtu aliye mbali, mita 100 hivi, alipue kile kibastola kidogo cha kuanzishia mbio, mara moja. Wewe tazama mkia. Ukibaki juu, basi siku nyingine sogeeni kidogo. Ukishuka, au akageuka kukutazama, achaneni na milio kwa siku kadhaa na mkirudi mrudi mbali zaidi. Wako wanaopendekeza kupiga kelele wakati mbwa anakula ili azoee. Mimi siwaungi mkono, kwa sababu mbwa mwoga anaweza kuishia kuogopa bakuli.

Njiwa utawapata wapi? Hapa kuna watu wa kukusaidia. Kipo chama cha Marekani na Kanada cha mbwa wa kuwinda wa kazi nyingi, kinajulikana kwa herufi NAVHDA, kilichoanzishwa mwaka 1969, na pointa wa Hazel ni mmoja wa aina wanazozishughulikia hasa. Matawi yake hufanya siku za mazoezi, watu wakaleta njiwa, visanduku vya kuwarushia na uzoefu wao. Nenda kwanza bila Hazel ukatazame. Usiogope kwamba utakuwa mweusi pekee au mgeni pekee uwanjani. Mtu anayependa mbwa akiona umekuja kuuliza kwa ajili ya mbwa wa mzee, atakupa siku nzima yake. Mimi mwenyewe nilipokelewa hivyo.

Itakapofika siku ya kuona Hazel ameganda kweli, si kwa salamu bali kwa ndege, nafsi yako itaruka. Jizuie. Usimpigie kelele wala usikimbie kumtokea nyuma. Zunguka upande mpaka akuone kwa pembe ya jicho, pita mbele yake polepole, wewe ndiye umrushe ndege. Fezanti ana tabia ya kukimbia kwa miguu badala ya kujibanza, kwa hiyo Hazel anaweza kusogea, kuganda, kusogea tena. Muache, anajua anachofuata. Na kanuni moja muiweke na mwenzako wa kazini kabla hamjatoka nyumbani: ndege aliyefurushwa na mbwa bila mbwa kuganda hapigwi risasi, hata awe mnono vipi. Ndege ambaye Hazel amegandia ndiye anayeanguka, na yule anayemkimbiza tu anaondoka zake. Huo ni ufundishaji tosha, na hauna shoti. Vilevile ndege arukaye chini hapigwi mpaka muone anga chini yake, kwa sababu katikati ya bunduki na ndege wa chini ndipo alipo Hazel.

Bila shaka mwenzako anataka ubebe bunduki Oktoba hii. Mimi ningekuomba msimu huu utembee mikono mitupu. Yeye apige, wewe umsome mbwa. Huwezi kujifunza vitu viwili vya hatari kwa wakati mmoja. Kwa sheria pia una hatua za kupitia: Iowa, aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972 hawezi kununua leseni ya kawaida ya kuwinda mpaka amalize kozi ya usalama wa uwindaji. Ifanye hiyo kozi hata kama hubebi bunduki, itakufumbua macho. Na kama hujapata uraia, muulize wakili wa uhamiaji kuhusu hali yako kabla hujashika bunduki ya mtu yeyote, hata kwa dakika moja. Msimu huanza Jumamosi ya mwisho ya Oktoba hadi tarehe 10 Januari, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 na nusu jioni. Wanapigwa majogoo tu, na kila mwindaji asizidishe 3 kwa siku. Mavazi ya chungwa kali ni lazima. Tena kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Julai, wakati wa ndege kuatamia na kulea, mbwa hawaruhusiwi kwenye mapori ya wanyama ya jimbo isipokuwa palipotengwa kwa mafunzo. Kabla ya kuingia shamba la mtu, bisha hodi.

Kabla na baada ya kutoka, mkague mwili. Wahenga walisema msasi haogopi mwiba, lakini mbwa wa msasi ndiye anayepita nao kifuani. Nyasi nyingi za huko zina mbegu zenye ncha kama mshale, huingia masikioni, machoni na katikati ya vidole, na zikishaingia haziendi nyuma, zinazidi kupenya. Pitisha vidole kila mahali, ukitafuta na kupe pia. Beba maji, umnyweshe kila baada ya dakika 20 hivi, hata kama wewe husikii joto. Majani marefu hayana upepo, na mbwa wa aina hii hajui kusimama mwenyewe. Ulimi ukitanuka kama koleo na hatua zikayumba, kazi imekwisha, mpeleke kivulini umwagie maji.

Chakula kikuu mpe jioni, baada ya kazi, akishatulia. Mbwa wenye kifua kirefu kama yeye hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujipinda. Ukimwona tumbo limevimba, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, huo si usiku wa kusubiri kukuche, ni kwenda kwa daktari saa ileile. Daktari huyohuyo atampa dawa ya kila mwezi ya minyoo ya moyo, inayoletwa na mbu, na mbu wa Iowa unawajua.

Nimemwacha mama yako mwisho kwa sababu ndiye ninayemwonea raha zaidi katika barua yako. Usibishane naye. Analosema amelisoma, na wewe unajua kwamba kwa Mashafii wengi wa kwetu mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini anajua pia, au sheikh wenu atamkumbusha kwa adabu, kwamba mbwa wa kuwinda ana nafasi yake katika dini hiyohiyo: Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inataja wanyama waliofundishwa kuwinda na kuhalalisha wanachokamata. Ukitaka kujua masharti ya ndege wa risasi kuwa halali mezani, ndilo swali la kumpelekea sheikh kabla ya Oktoba.

Nyumbani fanya hivi: gereji iwe ya Hazel. Weka kizimba chenye godoro nene, ziba upepo wa mlangoni, na baridi ikizidi weka kipasha joto cha salama, maana manyoya yake ni mafupi na Januari ya Iowa si ya mchezo. Bakuli zake zikae hukohuko. Sebule irudi kwa mama na mswala wake. Lakini asiachwe peke yake kutwa nzima, kwa kuwa mbwa huyu amezoea kuwa na mtu wake. Kwa vile zamu yako ni ya mchana, asubuhi yote ni yenu wawili: saa nzima ya kutembea na kamba, kisha mazoezi mafupi. Jioni watoto wamfichie vipande vya chakula humo gerejini avitafute kwa pua. Dakika kumi na tano za kunusa humchosha kuliko unavyodhani.

Na mifupa ya kuku wa kupikwa, mwambie mama taratibu, hupasuka kama vijiti na kuchoma utumbo. Mchuzi una vitunguu, na vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu ya mbwa. Usimwambie aache kumlisha. Mpe yeye kibati cha chakula chenyewe cha Hazel na umuonyeshe kipimo, mlango uleule wa nyuma, saa ileile ya jioni. Mfundishe neno moja tu la kumwambia kabla ya kuweka bakuli chini, "simama", na kiganja juu. Nadhani ndani ya mwezi mmoja Hazel atamtii yeye kuliko nyote.

Ukienda kwa mzee, chukua ile filimbi ya kwenye boksi. Mwombe aipulize mwenyewe mara moja, nawe umtazame Hazel masikio.

Mjomba